Picha za molekuli mpaka video ya MP4: mwongozo kwa anayeanza

Muhula ukikaribia kuisha, maswali huwa yale yale. "Kaka, video yangu inacheza vizuri kwangu lakini kwenye simu ya msimamizi ni giza tupu." "Nimeiacha laptopu usiku kucha, asubuhi sioni faili." "Ssebo, mbona protini yangu inatokea upande mmoja wa skrini na kupotelea upande mwingine?" Nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti, nimeyajibu nikiwa juu ya boda. Sasa nayaandika, mwenye swali asome mwenyewe, awe Makerere, Mbarara, Gulu au nyumbani na laptopu ya kuazima.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote. Kuchora picha ni kazi moja, kuzishona ziwe video ni kazi nyingine, na kazi hizo mbili usizichanganye. VMD, programu ya kuchora molekuli, ina menyu ya kukutolea video moja kwa moja, mwenzake PyMOL nayo pia, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Picha zako zikiwa zimetulia kwenye folda, video ikiharibika unaishona upya kwa dakika moja. Zikiwa hazipo, unarudi kuchora tangu mwanzo, na umeme wa kwetu unaujua.

Vinavyohitajika

Laptopu ya kawaida inatosha. Kwa protini moja au mbili, RAM ya GB 4 inakufikisha, ila itakwenda polepole.

Programu ya kuchora molekuli: PyMOL au VMD. Toleo huria la PyMOL ni bure. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install pymol`, na kwenye Windows au Mac lipate kupitia conda (kisakinishi cha programu) kwa `conda install -c conda-forge pymol-open-source`. VMD inatolewa na Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, nayo ni bure kwa kazi za masomo ukishajisajili.

Programu ya kushona: ffmpeg. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install ffmpeg`, kwenye Windows ni `winget install Gyan.FFmpeg`. Haina dirisha wala vitufe, unaiandikia amri tu. Wengi wanaiogopa kwa sababu hiyo, kisha wanakwenda kupakua programu za kuhariri video zenye matangazo na nembo ya kulazimishwa pembeni. Usiende huko.

Nafasi kwenye diski. Picha moja ya pikseli 1280 kwa 720 isiyobanwa, kama PPM zinazotolewa na VMD, ni karibu MB 2.8. Video ya sekunde 10 inataka picha 250, kwa hiyo unazungumzia karibu MB 700. PNG ni nyepesi zaidi ya hapo kwa mbali.

Bando la kupakulia haya yote mara moja. Ukishayapata, kazi yenyewe inahitaji intaneti mara moja tu, pale PyMOL inapopakua molekuli kwa `fetch` katika hatua ya 2.

Mfano tutakaoutumia ni hemoglobini ya selimundu, yenye namba 2HBS katika PDB, hazina ya mtandaoni ya miundo ya protini. Nimeichagua makusudi. Utafiti wa watoto wachanga wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 kati yao wana jeni moja ya selimundu, kwa hiyo hata mtu asiye wa sayansi akiona video hii ana ndugu au jirani wa kumfikiria. Na kwa mchoraji ni molekuli nzuri: 2HBS inaonyesha hemoglobini mbili zikiwa zimeshikana, na mahali pa kushikana panaonekana wazi.

Hatua

1. Fungua folda moja ya kazi hii peke yake. Ipe jina fupi lisilo na nafasi wala alama, mfano `hbs`, na ndani yake fungua nyingine iitwe `picha`. Jina kama "Project ya Mwisho (2)" litakusumbua baadaye kwenye ffmpeg. Folda hii isiwe kwenye flashi, hasa flashi iliyopita kwenye vibanda vya kuchapa pale Wandegeya. Kwanza itakuwa nzito, pili huwezi kujua imebeba nini.

2. Pamba molekuli mpaka uridhike. Fungua PyMOL, nenda kwenye folda yako kwa amri ya `cd`, kisha andika:

```
fetch 2hbs
remove solvent
hide everything
show cartoon
color grey80, chain A+C+E+G
color firebrick, chain B+D+F+H
show sticks, resn HEM
show spheres, chain B+D+F+H and resi 6
color yellow, chain B+D+F+H and resi 6
bg_color white
orient
```

Mipira ya njano ni valini (aina ya asidi amino) ya nafasi ya 6 kwenye minyororo ya beta. Kwa hemoglobini ya kawaida pale pana asidi ya glutamiki. Zungusha taratibu kwa kipanya utaona mmoja wa mipira hiyo umeingia kwenye kishimo cha hemoglobini ya jirani. Hapo ndipo ugonjwa wote unapoanzia, na hapo ndipo video yako inapaswa kumpeleka mtazamaji. Ukishapata pembe inayoonyesha hivyo, hifadhi kazi: `save hbs.pse`.

Rangi chache zinatosha. Mandhari meupe yanafaa kwa slaidi na kwa projekta hafifu. Meusi yanapendeza kwenye simu lakini kwenye ukumbi wenye mapazia mepesi hutaona kitu.

Kuna wanaotaka kuanza na kirusi cha Zika, kwa vile jina lake limetoka kwenye msitu wetu ulio kando ya barabara ya Entebbe, kilikogunduliwa mwaka 1947. Nawaelewa. Lakini ganda zima la kirusi hicho (5IRE) lina nakala 180 za protini ya E, na laptopu ya GB 4 itapiga magoti. Jifunzie kwenye hemoglobini kwanza.

3. Hatua hii ni ya wenye simulesheni tu, yaani mwendo wa molekuli uliokokotolewa na kompyuta. Kama unazungusha molekuli iliyotulia, iruke. Ikiwa mwendo wako umetoka GROMACS, programu ya simulesheni, usiuchore ukiwa mbichi. Molekuli ikivuka ukuta wa boksi, programu huirudishia upande wa pili, na kwenye video itaonekana imekatika vipande au imeruka. Isafishe kwanza:

```
gmx trjconv -s md.tpr -f md.xtc -o safi.xtc -pbc mol -center -skip 10
```

Itakuuliza kundi la kuweka katikati, mjibu protini. `-skip 10` inachukua fremu moja, yaani picha moja ya mwendo, katika kila kumi. Huna haja ya fremu elfu tano kwa video ya nusu dakika. Kisha pakia kwenye PyMOL kwa `load` na `load_traj`, na andika `intra_fit name CA` ili protini isielee huku na huko wakati unataka watu waone mkia wake tu ukicheza.

4. Amua urefu kabla ya kuchora. Hesabu ni sekunde mara fremu za kila sekunde. Tumia fremu 25 kwa sekunde. Sekunde 10 ni fremu 250, na sekunde 10 zinatosha kwa mzunguko mmoja. Ukitaka izunguke kwa dakika nzima wakati unaongea mbele ya watu, usichore fremu 1500. Utairudia video hiyohiyo mwishoni, nitakuonyesha.

```
mset 1 x250
util.mroll(1,250,1)
```

Ile 1 ya mwisho ina maana kwamba fremu ya 250 haitafanana na ya kwanza, hivyo video ikirudia haikwami kidogo pale kwenye kiungio. Wenye simulesheni waandike `mset 1 -250` badala yake, yaani hali ya 1 mpaka ya 250.

5. Chora picha moja tu, usome muda. Watu huiruka hatua hii kwa haraka zao, nayo ndiyo ingewaokoa.

```
set ray_opaque_background, 1
ray 1280, 720
```

PyMOL ikimaliza itaandika mstari unaoanza na `Ray: render time`, ikisema sekunde ilizotumia na fremu ngapi itaweza kwa saa. Tuseme imesema sekunde 12, sawa na fremu 300 kwa saa. Basi fremu 250 ni dakika 50. Betri yako inafika dakika 50? Umeme kwenu huwa unakatika saa ngapi? Jibu ukiwa bado na uchaguzi. Kama muda ni mrefu mno, punguza kazi: zima vivuli kwa `set ray_shadows, 0`, au chora kwa pikseli 960 kwa 540. Pia itazame picha yenyewe. Herufi hazisomeki? Molekuli imekatwa ukingoni? Rekebisha sasa, usingoje picha 250 zenye kosa moja.

Angalia pia kwamba upana na kimo ni namba shufwa, yaani zinagawanyika kwa mbili. 1280 na 720 ni salama. 1281 itakurudisha kwangu na swali.

6. Chora zote. Kabla ya kubonyeza, izuie laptopu isilale yenyewe na uichomeke kwenye chaja.

```
set ray_trace_frames, 1
set cache_frames, 0
mpng picha/hb, width=1280, height=720
```

Amri ya pili inaizuia PyMOL kujaza RAM kwa kukumbuka kila picha. Bila hiyo, laptopu ndogo huganda katikati ya safari. Kama toleo lako ni la zamani na linakataa `width` na `height`, andika `viewport 1280, 720` kwanza, kisha `mpng picha/hb` peke yake.

Picha zitaanza kujipanga: `hb0001.png`, `hb0002.png`, na kuendelea. Zile sufuri za mbele zina kazi. Ukija kubadilisha majina kwa mkono ukabaki na hb1, hb2, hb10, mashine itaweka hb10 kabla ya hb2, na molekuli itacheza kama imelewa.

Umeme ukikatika ukiwa umefika picha ya 131, usianze upya. Washa, fungua `hbs.pse`, rudia amri za hatua ya 4, ile ya mandhari katika hatua ya 5, na mbili za kwanza za hatua hii, kisha:

```
mpng picha/hb, first=131, last=250, width=1280, height=720
```

Nimeanzia 131 yenyewe kwa sababu picha iliyokuwa ikiandikwa wakati wa kukatika mara nyingi huwa nusu.

Kwa wanaotumia VMD: nenda Extensions, Visualization, Movie Maker. Kwenye Renderer chagua Internal Tachyon. Ile Snapshot ni ya haraka, lakini inapiga picha ya dirisha lenyewe. Ujumbe wa WhatsApp ukijitokeza juu yake, unaweza kuingia kwenye filamu ya protini yako. Kisha fungua Movie Settings na uondoe alama ya Delete image files. Narudia, iondoe. Bila hivyo VMD inafuta picha zote ikishajaribu kutengeneza video, hata kama video yenyewe imeshindikana, na hilo ndilo jibu la yule wa "asubuhi sioni faili". Picha za VMD zina namba za tarakimu tano zinazoanzia sufuri, mfano `untitled.00000.ppm`; kwenye Windows huishia na bmp. Fungua folda, soma jina kamili ulilopewa, utalihitaji hatua ya 8.

7. Kagua folda. Zihesabu: kwenye Linux na Mac, `ls picha | wc -l`. Kwenye Windows fungua folda tu, idadi iko chini pembeni. Namba isipotimia 250, tafuta iliyokosekana. Zipange kwa ukubwa pia: picha yenye KB 0 au iliyo ndogo kupita wenzake imeharibika, ichore tena kwa `first` na `last`.

8. Shona. Fungua terminali ndani ya folda ya `picha` na uandike yote kwenye mstari mmoja:

```
ffmpeg -framerate 25 -i hb%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart ../hb.mp4
```

Usiikariri bila kuielewa, maana kila kipande kina sababu yake.

`-framerate 25` ni kasi ya kusoma picha, na lazima ikae kabla ya `-i`. Wanaoiweka nyuma kama `-r 10` wakitaka mwendo wa polepole, wanashangaa kuona video ina urefu uleule ila inakwaruza. Ffmpeg imezitupa fremu zao njiani.

`hb%04d.png` inasema: jina hb, kisha namba ya tarakimu nne. Kwa picha za VMD ingekuwa `untitled.%05d.ppm`. Ukiiandika amri hii ndani ya faili ya .bat kwenye Windows, alama ya asilimia iwe mbili, `%%04d`. Ukiiandika moja kwa moja kwenye dirisha la amri, inabaki moja.

`-crf 18` ni ubora. Namba ikishuka, ubora unapanda na faili inakuwa nzito. Usipoiweka, ffmpeg hutumia 23. Kwa molekuli 18 inapendeza, kwa sababu kingo za utepe na mipira ni kali na ubanaji mkubwa huzifanya zitoe ukungu.

`-pix_fmt yuv420p` ndiyo dawa ya lile giza kwenye simu. PNG zina rangi kamili, na ffmpeg isipoelekezwa hujaribu kuhifadhi zaidi ya kile ambacho simu nyingi na PowerPoint vinaweza kufungua. Kwenye laptopu yako VLC inafungua kila kitu, ndiyo maana hukuona tatizo.

`-movflags +faststart` inahamishia maelezo ya faili mwanzoni, ili video ikiwekwa kwenye tovuti ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Kwa wenye bando dogo hilo ni jambo la heshima.

ffmpeg itamwaga maandishi mengi. Usiyaogope, tazama mstari wa mwisho unaoanza na `frame=`. Ukisema 250, zimeingia zote. Ukisema 130, kuna picha imekosekana ya 131, kwa sababu ffmpeg husimama kwenye pengo la kwanza.

9. Ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine, si yako wala laptopu yako. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video itabanwa na mipira yako ya njano itageuka uji. Halafu ijaribu ndani ya slaidi, kwenye kompyuta ileile ya ukumbini ikiwezekana, na uiweke video na slaidi kwenye folda moja.

Nyongeza chache

Kuirudia mara nne bila kuchora tena (rudi kwanza kwenye folda ya `hbs` kwa `cd ..`):

```
ffmpeg -stream_loop 3 -i hb.mp4 -c copy hb_ndefu.mp4
```

Kuisimamisha fremu ya mwisho kwa sekunde 2, jambo zuri kwa simulesheni inayoishia dawa ikiwa imeshika mahali pake: kwenye amri ya hatua ya 8 ongeza `-vf tpad=stop_mode=clone:stop_duration=2` kabla ya jina la faili ya kutoka.

GIF siipendi. Ina rangi 256 tu, na faili hutoka kubwa kuliko MP4 yenye ubora zaidi. Lakini kama tovuti ya idara haikubali kingine:

```
ffmpeg -framerate 15 -i hb%04d.png -vf "scale=480:-1:flags=lanczos,split[a][b];[a]palettegen[p];[b][p]paletteuse" hb.gif
```

Ikigoma

`Could find no file with path`: uko kwenye folda nyingine, au tarakimu si nne, au namba zinaanzia mbali. ffmpeg hutafuta ya kwanza kati ya 0 na 4 tu. Kama picha zako zinaanzia 100, weka `-start_number 100` kabla ya `-i`. Kwenye Windows hakikisha pia jina si `hb0001.png.png`, kwa vile Windows huficha kiambishi cha mwisho.

`width not divisible by 2`: ulichora kwa namba witiri. Huna haja ya kuchora upya, ongeza `-vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2"`, itabandika pikseli moja ukingoni na hakuna atakayeiona.

Mandhari ni meusi wakati uliyaweka meupe: picha zina mandhari angavu yasiyo na rangi, na video haijui kitu hicho. Ulisahau `ray_opaque_background`. Fungua PNG moja uone kama kuna miraba ya kijivu nyuma ya molekuli. Ikiwepo, ndiyo hiyo.

`Unknown encoder 'libx264'`: ffmpeg yako imejengwa bila kodeki hiyo ya kubana video, hutokea kwa zilizokuja ndani ya conda. Sakinisha nyingine kwa njia zilizotajwa juu.

Video ni ya kasi mno: usichore tena. Shona upya ukiweka `-framerate 12` kabla ya `-i`, na `-r 24` kabla ya jina la faili ya kutoka, ili kila picha irudiwe na simu zisilalamike.

Kompyuta ya ukumbini ni ya zamani na inakataa MP4: tengeneza nakala ya `ffmpeg -i hb.mp4 -c:v wmv2 -b:v 6M hb.wmv` na uje nazo zote mbili. Picha 250 usizifute mpaka alama zitoke. Kuna mtahini mmoja huwa anataka irudiwe kwa mandhari meusi, na mwingine anataka fremu moja tu ya kuweka kwenye bango.